Kuisoma timu ya kikapu kwa mitupo yake

Muulize kochi yeyote hapa Lubumbashi timu yake inacheza vipi. Atakuambia "tunakimbia", au "tunacheza kwa pivo", yule mrefu wa chini ya ringi. Huenda ni kweli, huenda ndivyo anavyotamani. Mimi huangalia mitupo iliyojaribiwa, hata ile iliyokosa. Mpira kuingia leo na kukataa kesho ni habari ya mkono, ya ulinzi na, kwenye viwanja vyetu vya saruji visivyo na paa, ya upepo wa Agosti. Mahali ambapo timu huchagua kutupia hapageuki upesi hivyo.

Hatua ya 1: Chora uwanja

Kaye (daftari) moja na biki vinatosha. Chora nusu uwanja, ugawe sehemu tano: chini ya ringi, raketi iliyobaki (kisanduku kilichochorwa mbele ya ringi), masafa ya kati, kona, na juu ya upinde wa pointi tatu. Usichanganye kona na upinde. Kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka ringi, lakini ukifika kona unanyooka na kubaki mita 6.60. Tena mtupo wa kona mara nyingi huja baada ya pasi, mtupaji akiwa ameshasimama tayari. Timu yenye mitupo mingi ya kona huwa inazungusha mpira. Mitupo mingi ya juu ya upinde yaweza kuwa ya mtu mmoja tu anayedunda na kujitupia.

Hatua ya 2: Andika kila mtupo

Mtupo mmoja, mstari mmoja: robo, namba ya jezi, eneo, matokeo. "2 – 7 – KK – X" maana yake robo ya pili, namba 7, kona ya kushoto, umekosa.

Faulo ndiyo inayowachanganya waandishi wapya. Mchezaji akichezewa faulo akiwa anatupa na mpira usiingie, mtupo huo hauhesabiwi. Andika mitupo huru peke yake. Ukiingia, unahesabiwa, na mtupo huru mmoja juu yake. Mtupo uliopigwa bloki unahesabiwa. Hata kuusukuma mpira ringini kwa vidole baada ya rebaundi (mpira uliokosa na kurudi) ni mtupo kamili.

Pembeni weka hesabu ya mitupo huru, rebaundi za kushambulia na mipira iliyopotezwa. Peke yako utashindwa. Mwite mdogo mmoja wa timu ya vijana akusomee jezi, wewe uandike.

Hatua ya 3: Gawanya

Tuchukue mfano wa kubuni, timu mbili kutoka mechi mbili tofauti. Timu A imetupa mara 64: 30 chini ya ringi, 12 za pointi tatu, zilizobaki katikati. Imepata mitupo huru 25. Timu B imetupa 58: 15 chini ya ringi, 29 za pointi tatu, na mitupo huru 10.

Kwa A, pointi tatu ni 12 kwa 64, yaani asilimia 19, na chini ya ringi asilimia 47. Kwa B ni asilimia 50 na 26. Mitupo huru ukiigawa kwa mitupo ya kawaida, A ina 0.39, B ina 0.17. Hapo tayari unaona A inaingia kwa nguvu na kutafuta miili, B inakaa nje. Hatujauliza bado nani alishinda.

Ukitaka kipimo cha mbali: msimu wa 1979-80, NBA, ligi ya Marekani, ilipoanza pointi tatu, timu ilizijaribu chini ya mara tatu kwa mechi. Msimu wa 2017-18 Houston Rockets walijaribu zaidi ya 42 kwa mechi, zaidi ya nusu ya mitupo yao yote.

Hatua ya 4: Hesabu zamu, usidanganywe na wingi

Mitupo 64 kwa 58: je, A inacheza haraka zaidi? Huwezi kujua bado, kwa sababu rebaundi ya kushambulia huipa timu mtupo mwingine ndani ya zamu ileile, yaani muda wa timu kumiliki mpira mpaka upite kwa mpinzani. Zamu za kushambulia hukadiriwa hivi: mitupo, jumlisha 0.44 mara mitupo huru, toa rebaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa. Hiyo 0.44 ipo kwa kuwa si kila mitupo huru miwili humaliza zamu; kuna ule mmoja unaofuata kikapu kilichoingia, na ile ya faulo ya kiufundi.

A ilikuwa na rebaundi 15 za kushambulia na ilipoteza mipira 18: 64 + 11 − 15 + 18 = 78. B, rebaundi 6 na mipira 14: 58 + 4.4 − 6 + 14 = 70.4. Basi kweli mechi ya A ilikwenda mbio.

Fomula hii inakagua kaye yako pia. Katika mechi moja timu hupokezana mpira, kwa hiyo zamu zao hukaribiana sana. Moja ikipata 80 na mwenzake 71, kuna vitu hamkuviandika.

Hatua ya 5: Saa

Mkipata mtu wa tatu, aandike mtupo ulitoka mapema, katikati, au sekunde 24 ambazo timu hupewa kutupa zikikaribia kuisha. Kumbuka baada ya rebaundi ya kushambulia saa hurudi kwenye 14. Pasipo saa ya ubaoni, ahesabu kimoyomoyo. Makundi hayo matatu yanatosha.

Hatua ya 6: Kabla ya kuhukumu

Ondoa dakika za mwisho za mechi iliyokwisha amuliwa. Kila mtu hujitupia. Andika kama mpinzani alilinda kwa zoni (kila mlinzi na eneo lake), maana zoni huwasukuma nje hata wasiopenda kutupa mbali. Kusanya mechi kadhaa, usiridhike na moja.

Kisha tenganisha kwa namba za jezi. Bismack Biyombo, mzaliwa wa mji huu, amecheza NBA miaka mingi na karibu mitupo yake yote ni ya chini ya ringi. Ukiwa na pivo wa namna hiyo, asilimia ya eneo hilo itapanda kwa ajili yake peke yake. Tazama mitupo ya wenzake akiwa benchi: ikihamia nje, yule kochi wa "tunacheza kwa pivo" ana pivo mmoja tu, na wapinzani wanachotakiwa ni kumtafutia faulo mbili za mapema.