Kuchora kwa baiskeli Mbeya: panda na karatasi tupu, teremka na picha

Jiji la Mbeya limekaa kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kaskazini yake Mlima Loleza unafika mita 2,656. Ndiyo maana safari ya kuchora hapa inapimwa kwa vilima kabla ya kilomita. Panda asubuhi ungali na nguvu, ili kurudi iwe kuteremka. Anayekaa Soweto au Mwanjelwa aelekee juu, upande wa mlimani. Ukianza kwa kuteremka, utachora huku unawaza kilima kinachokusubiri, na mkono wenye haraka hujionyesha kwenye karatasi.

Kwa kuwa kurudi ni mteremko, kagua breki kwanza. Nyanyua gurudumu ulizungushe: raba za breki zibane ringi pande zote mbili kwa pamoja, zisiguse tairi. Raba ikibaki na unene wa milimita 2 au 3, badilisha leo, usingoje wiki ijayo. Ringi za chuma zikilowa hushika kwa kuchelewa sana, hivyo mvua ikikukuta barabarani anza kubana kidogo kidogo mapema ili raba zifute maji. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Isyonje kushuka Tukuyu, usiminye breki mfululizo. Ringi hupata joto, joto hulegeza kiraka na linaweza kupasua tyubu. Bana, achia, bana tena, na simama mara kwa mara ringi zipoe. Kwenye barabara kuu malori ya Tunduma hayana subira, kwa hiyo uwe umefika nyumbani kabla ya giza.

Beba pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa na spana. Kosa la kawaida la kuziba pancha ni kubandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi. Sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 5 hadi mng'ao uishe, ndipo ubandike na kukandamiza. Baridi ya Juni na Julai huongeza muda huo, na anayeharakisha ataziba tundu lilelile mara mbili.

Sasa mzigo wa kazi yenyewe. Kata ubao wa plaiwudi wa milimita 4, sentimita 25 kwa 35. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi moja ya A3 hutoa A5 nne, na A5 ndiyo saizi inayomalizika kabla mwanga haujahama. Manila ya stesheneri inafaa kwa penseli tu. Ikiguswa na maji hujikunja na rangi hukusanyika mabondeni. Ongeza penseli ya HB na ya 4B iliyo laini na nyeusi zaidi, brashi mbili za duara, nyembamba na nene, teipu ya karatasi, kopo la maji, na rangi chache: bluu, njano, nyekundu, kahawia.

Mtikisiko wa barabara ya vumbi huharibu vitu viwili. Michoro ya penseli husuguana hadi inakuwa kijivu. Weka karatasi ya kaki kati ya mchoro na mchoro, kisha ufunge kwa kukaza ili kisiwepo kinachoteleza. Ncha za brashi nazo hupinda. Funga kila brashi kwenye kijiti kilichoizidi urefu, ili kijiti ndicho kigonge. Laza ubao kwenye keria juu ya kanga iliyokunjwa, uukaze kwa vipande viwili vya tyubu kuukuu vya upana wa sentimita 3. Chomeka ncha zote ndani. Ncha inayoning'inia ikiingia kwenye spoki, unaanguka wewe na picha zako.

Mahali pa kukaa pachague kwa kuangalia jua. Juni na Julai jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukiitazama Loleza kutoka mjini, uso wake unapata mwanga hafifu na milima yote inaonekana kama ukuta mmoja. Fika saa moja asubuhi, mwanga ukiwa wa ubavuni, uone kila korongo. Desemba jua linapita kusini, na uso huohuo hupata mwanga hata mchana. Popote ulipo, karatasi iwe kivulini. Karatasi nyeupe juani huumiza macho, nawe utapaka rangi nzito kuliko unavyodhani.

Sokoni, salimia na uombe kwanza: "Shikamoo mama, naomba nichore meza yako ya parachichi." Kaa pembeni, usizibe wateja.

Chora kwa penseli dakika 10, maumbo makubwa tu. Kisha paka mkupuo wa kwanza, yaani tabaka jepesi la rangi, kuanzia angani kushuka. Milima ya mbali iwe ya bluu iliyopauka, ya karibu iwe na kahawia. Kijani cha chai ya Tukuyu kinaelekea njano; cha migomba kinaelekea bluu. Kijani chako kikionekana kikali kama cha rangi ya kopo, tia nukta ya nyekundu, kitatulia. Kwa ukungu, paka kilele, kisha kabla hakijakauka pitisha brashi yenye maji safi chini yake, mlima uyeyuke wenyewe.

Hapo weka brashi chini. Huu ndio wakati wa chai. Mkupuo wa kwanza unahitaji dakika 10 hivi kukauka kiangazi, na wachoraji wengi huharibu picha katika dakika hizohizo kwa kuchokonoa rangi mbichi hadi inakuwa tope. Chupa ya chai ya tangawizi na maandazi mawili vinaushughulisha mkono wako, na jicho linapata nafasi ya kutazama. Ni raha ndogo, lakini inafanya kazi kuliko brashi ya gharama. Kikombe kikae kulia na kopo la maji ya brashi kushoto, maana brashi huishia kwenye chai kwa urahisi sana.

Kujua kama imekauka, gusa ukingo wa karatasi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya baridi, maji bado yamo. Siku za ukungu Tukuyu au Uporoto inaweza kukataa kukauka kabisa, kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji. Siku hiyo acha rangi, malizia vivuli kwa 4B karatasi ikishapoteza mng'ao, na uirudishe nyumbani ikiwa imebanwa ubaoni kwa teipu pande zote nne. Usiibandue mpaka kesho yake. Ikibanduliwa mbichi, itakauka ikiwa imejikunja.