Ukishuhudia Ndege Ndogo Ikianguka: Namna ya Kutoa Maelezo Yatakayowafaa Wachunguzi

Ndege ndogo inapoanguka na kuua wakati rubani akifanya sarakasi za angani, sekunde za mwisho mara nyingi hazimo katika chombo chochote, kwa kuwa nyingi za ndege hizi hazibebi visanduku vya kunasa sauti na mwenendo wa safari kama zile kubwa za abiria. Zimo machoni na masikioni mwa watu waliokuwa chini, na katika simu zao. Kwa hiyo aliyekuwa amekaa Mama Ngina hapa Mombasa, ufuoni Nyali au mashuani nje ya mwamba ana jambo la kuwapa wachunguzi, mradi alilinde lisichanganyike na maneno ya wengine.

Uhai hutangulia. Piga 999 au 112 na utaje mahali kwa alama zinazojulikana. Usisogelee mabaki ila kuna mtu wa kuokolewa, na hapo ufikie kutoka upande upepo unakotoka, kwa maana mafuta huwaka ghafla, vumbi la nyuzi za kaboni hudhuru mapafu, na baadhi ya ndege ndogo hubeba parachuti inayofyatuliwa kwa roketi ambayo huenda bado haijafyatuka. Ikiwa imeanguka baharini, wavuvi waokoe walio hai, watoe taarifa kwa redio kupitia chaneli ya 16, kisha watie boya mahali penyewe bila kuvuta kipande chochote. Aliyefariki astiriwe kwa leso, wala asipigwe picha.

Baada ya hapo, jitenge uandike kabla hujazungumza na yeyote, maana kumbukumbu ya mtu hubadilika upesi anaposikia masimulizi ya jirani. Eleza uliposimama, ulikuwa umeelekea wapi, na saa ngapi. Ndege ilikuwa ikipanda, imepinduka tumbo juu, au ikitoka katika mbizi? Kimo chake ukilinganishe na jengo unalolijua. Taja upepo pia: kama ni msimu wa Kusi, sema minazi ilikuwa ikiinama kiasi gani.

Sauti ya injini ina uzito wa pekee. Bawa huacha kuibeba ndege pale pembe yake dhidi ya hewa inapozidi kiasi, hata injini ikinguruma sawasawa, na ndege huweza kushuka ikizunguka kama pia ya watoto. Kwa hiyo andika kama uliisikia ikinguruma, ikikohoa au ikinyamaza, na ilizunguka upande gani. Kipande kilichochomoka kabla ya kugonga ardhi huashiria jambo tofauti kabisa na vipande vilivyotawanyika baadaye, na vivyo hivyo moshi. Usiandike kwamba injini iliharibika, bali andika ulichosikia. Usichokiona, sema hukukiona. Jibu hilo lina faida kuliko kisio.

Kimo nacho si jambo dogo. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya zamani ya kijeshi ilianguka ikifanya maonyesho na kuua watu 11 waliokuwa barabarani au kando yake. Wachunguzi, wakisaidiwa na picha na video, walibaini kwamba ilipofika kilele cha mzunguko wake ilikuwa chini ya kimo kilichohitajika ili iukamilishe salama.

Video yako ihifadhi kama ilivyo. Usiikate wala usiitume kwa WhatsApp, kwa kuwa huko hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za wakati ilipopigwa. Usiisambaze pia, ni ukatili mzazi kujua kifo cha mwanawe kwa kuona ndege ikiwaka kwenye simu ya mtu.

Andikisha taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, ukiomba ifikishwe kwa idara ya serikali inayochunguza ajali za ndege. Usiogope kwamba unamshtaki rubani au familia yake, kwani Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa kuhusu safari za anga, kinasema wazi kuwa lengo la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Acha nambari ya simu inayopatikana na utunze nakala ya maandishi yako ya kwanza, kwa sababu ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30 lakini ile kamili huchukua muda mrefu zaidi, na huenda ukapigiwa miezi baadaye kuulizwa swali moja tu kuhusu ile sauti.