IST yako inalala kwenye kona? Hivi ndivyo nilivyoituliza yangu kwa hela ya kuungaunga

Wakuu, mimi siyo injinia, ni dereva tu ambaye kwa kukosa hela nimejikuta nusu fundi. Nina Toyota IST ile ya kwanza, modeli NCP60, na nilivyoichukua ilikuwa ukikata kona inalala kama mashua, ukipita kwenye rasta nyuma inajihamia yenyewe. Siku niliyosema sasa basi ni tunarudi kutoka Iringa, tunashuka mlima Kitonga, mbele basi nyuma lori, nikaingia kona moja lami imebonyea, gari ikarusha makalio pembeni. Siyo sana, labda kiganja kimoja, ila mke wangu alishika mkono wa mlango na hakuuachia mpaka Ruaha Mbuyuni.

Nilivyofika Dar nikafanya kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya, nikakimbilia alaimenti. Wiki mbili mbele hali ile ile, nikaenda tena sehemu nyingine. Hela imeliwa mara mbili. Alaimenti ni kupima pembe za tairi gari ikiwa imesimama, sasa kama bushi (ile mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) zimekufa, pembe uliyopimiwa pale siyo utakayokuwa nayo ukikanyaga breki kwenye kona. Kwa hiyo alaimenti ni ya MWISHO. Unaanzia chini panapogusa lami, unapanda juu, halafu ndo unamalizia kwa kupima.

Kabla hujagusa spana

Tafuta sehemu moja ya kujaribia, iwe ile ile kila mara. Mimi nina kipilefti kimoja karibu na kwangu, asubuhi ya Jumapili hakuna mtu, nakizunguka kwa 30 hivi halafu natoka na kupita kwenye rasta kwa 40. Siyo mashindano hayo, nasikiliza tu usukani na makalio. Badilisha kitu kimoja, zunguka, andika kwenye simu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekula hela bure.

Hatua ya 1: upepo na mizigo

Hii ni bure au karibu na bure. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo pale kuna stika yenye saizi ya tairi na upepo wake. Yangu inasema 220 kPa, hiyo ni kama PSI 32. Unajua nilikuta ngapi? Mbele 44, nyuma moja 38 nyingine 27. Vijana wa pancha wanajaza kwa kupiga teke wanasikiliza mlio, na ukimwambia 32 anakuangalia kama umechanganyikiwa, "bosi itakuwa laini hiyo". Tairi iliyojaa kupita kiasi inagusa lami kwa katikati tu na inadunda kwenye kila kokoto, na zikipishana kushoto na kulia gari inavuta upande. Nunua geji yako mwenyewe, pima asubuhi kabla gari haijatembea, maana ikishatembea tairi inapata moto na namba inapanda.

Buti nalo, toa. Mimi nilikuwa nabeba jeki mbili, dumu la maji, na nusu mfuko wa saruji ambao hata sikumbuki ni wa lini.

Hatua ya 2: zisome tairi

Usiangalie kashata (ile michoro ya tairi inayogusa lami) peke yake. Kwenye ubavu tafuta namba nne baada ya herufi DOT, mfano 2316, maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Tairi za mtumba zinakuja na kashata nzuri kabisa lakini mpira umeshakauka, ukibonyeza kwa kucha haiingii, na mvua ikinyesha ni sabuni. Mimi ikivuka miaka 6 naiangalia kwa jicho lingine, ikifika 10 hata bure siitaki.

Kama hela inatosha tairi mbili tu, nzuri weka NYUMA. Najua, fundi atakwambia IST inavuta kwa mbele kwa hiyo weka mbele. Mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani, unapunguza mwendo, inarudi. Nyuma ikiteleza haikupi taarifa, unashtukia gari imegeuka inaangalia ulikotoka.

Halafu pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama msumeno, tairi inaburuzwa, alaimenti imehama. Usikimbilie kupima bado! Kumbuka tu.

Hatua ya 3: jeki na mikono miwili

Handbreki juu, jiwe nyuma ya tairi za nyuma, jeki kwenye zile alama za ukingo chini ya mlango, halafu stendi. Bila stendi usiingize hata mguu chini ya gari, nakuomba.

Tairi ya mbele ikiwa juu, ishike kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa ya mshale, uitikise. Ikigonga, angalia tairodi endi na reki endi, yale maungio ya vyuma vinavyotoka kwenye usukani kugeuza tairi. Kisha ishike juu na chini. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki na uitikise tena, mchezo ukipotea ni bearingi ya tairi, ukibaki ni boljointi (kiungo cha gololi kinachoshika tairi kwa chini) au kitu kingine cha chini. Hiyo ya breki imeniokolea hela ya kubadilisha kitu kizima. Boljointi inayocheza usiivumilie hata siku moja, ikichomoka tairi inalala upande na safari imeishia hapo.

Stabilaiza ni chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, na linki zake ni vifimbo viwili vya bei ndogo na vinachoka haraka kwa barabara zetu. Ukisikia kokoko kwenye mashimo madogo madogo, anza na hivyo. Kwangu vilipobadilishwa pamoja na bushi za stabilaiza, kulala kwenye kona kulipungua kwa kiasi ambacho hata abiria aliuliza umefanya nini.

Hatua ya 4: bushi, na hapa soma taratibu

Bushi za wishibono (ule mkono wa chuma unaounga tairi ya mbele na chasisi), na zile kubwa za ekseli ya nyuma, ndizo zilizokuwa zinanitesa Kitonga. Ingiza mtaimbo kati ya wishibono na chasisi, sukuma kidogo. Mpira mzima unajivuta na kurudi. Uliochanika unaona ufa unafunguka kama mdomo. Za nyuma zikiisha ekseli nzima inajigeuza kidogo kwenye kona, yaani nyuma inapiga kona yake na wewe unapiga yako.

Zipelekwe kwenye mashine ya kupresi, zisigongwe na nyundo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kufunga.

Mara ya kwanza fundi alinifungia bushi mpya za wishibono gari ikiwa imening'inia kwenye jeki, akakaza boliti mpaka mwisho, akashusha. Baada ya miezi miwili zimechanika. Nikasema nimeuziwa feki, nikaenda kugombana dukani, kumbe wa watu hawana kosa. Bushi haizunguki kama bearingi. Mpira wake umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, kwa hiyo wishibono ikipanda na kushuka mpira unajikunja tu. Sasa ukiikaza tairi inaning'inia, mpira unachukua pale kuwa ndo nyumbani kwake. Gari ikishuka chini unakuwa umejinyonga muda wote hata ukiwa umepaki, na kila shimo linaunyonga zaidi.

Fanya hivi: funga boliti kwa mkono zishike tu, shusha gari kwenye tairi zake, isukume mbele na nyuma kidogo, ibonyeze bonyeza ikae kwenye kimo chake, ipeleke kwenye shimo la gereji, HAPO ndo ukaze. Fundi atalalamika kwamba unamchelewesha. Mnunulie soda.

Hatua ya 5: shokapu

Iliyolia mafuta imekufa, haina mjadala. Kama ni kavu, bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie, inatakiwa ipande na kutulia, ikiendelea kudunda imechoka. Ila hiki kipimo kinakamata iliyokufa kabisa tu, iliyochoka nusu inapita, kwa hiyo mwambie mtu aendeshe upite pembeni kwenye tuta dogo uangalie tairi yenyewe. Ikirukaruka baada ya tuta, umepata jibu. Badilisha mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, na angalia maunti (kishikio cha juu cha shokapu) na stopa (mpira unaozuia isigonge mwisho) siku hiyo hiyo maana kufungua ni kule kule. Spring za mbele zibanwe kwa kifaa chake, nimeona mtu anazifunga kwa waya wa kawaida, ile ikifyatuka inaua.

Za mtumba? Mimi nilichukua za mtumba kwa sababu ya hela na zilienda kama mwaka. Ukiweza ngoja mwezi mmoja uchukue mpya.

Kuhusu spesa za kunyanyua gari: naelewa, barabara ya mtaani kwenu ni mbovu, hata mimi nilikuwa nazo. Lakini zinapandisha uzito juu na kupindisha pembe za kila kitu, halafu unashangaa inayumba. Nilizitoa, sasa napita mashimo kwa adabu. Kukata spring ishuke ndo usithubutu. Na rimu 17 na tairi zenye ubavu mwembamba ni kwa ajili ya picha.

Hatua ya 6: sasa ndo alaimenti

Nenda na upepo sahihi na buti tupu. Kwenye IST kinachorekebishika kwa kawaida ni uelekeo wa tairi za mbele kupitia tairodi, ekseli ya nyuma haina pa kurekebisha, kwa hiyo anayekwambia amekufanyia "magurudumu yote manne" muulize ya nyuma amezungusha wapi. Lakini apime nyuma pia, namba zikiwa mbaya huenda ekseli imepinda. Omba karatasi ya kabla na baada. Nati za tairi zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya mkabala wake, Newton mita 103, na baada ya kilomita kama 100 zipitie tena.

Ukitoka hapo usiende nyumbani. Zunguka mtaa, nyoosha barabara, angalia usukani. Ukikaa upande hata kidogo rudi saa hiyo hiyo, maana ukirudi kesho utaambiwa umegonga shimo.