Siku 35 za bata: kumsaidia atotoe salama katika ukame wa Dodoma

Mama mmoja wa upande wa Chamwino alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu, haya mayai ya bata yameoza. Leo siku ya 26. Kuku aliyeanza kulalia wiki moja na huyu bata alishatotoa, mwenzie bado kalala tu."

"Mama, umeyagusa?"

"Nimepasua moja nione."

Nilijua jibu kabla hajamalizia. Ndani ya lile yai kulikuwa na kifaranga hai, kimeshaota manyoya, kinajikunyata na kujinyoosha. Bahati nzuri yale 11 yaliyobaki aliyaacha, na siku tisa baadaye akanipigia tena kwa sauti nyingine kabisa.

Basi tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoua mayai mengi kuliko kicheche. Kuku hulalia siku 21. Bata wetu wa kienyeji, huyu mwenye vinundu vyekundu usoni na asiyejua kupiga kelele ila kufoka, huchukua siku 35, mara nyingine 33, mara nyingine 37. Wale weupe wa Pekin huchukua siku 28, lakini wengi wao hawana hamu ya kulalia, hivyo mayai yao huishia chini ya kuku au chini ya bata wa kienyeji. Siku bata wako anapokaa moja kwa moja kwenye kiota, andika tarehe ukutani kwa mkaa. Akianza tarehe 1 Machi, mtazamie tarehe 5 Aprili. Usihesabu tangu yai la kwanza kutagwa. Hesabu tangu alipoacha kutoka usiku, akajinyonyoa manyoya laini ya kifuani akatandika mayai, na akaanza kukufokea ukipita.

La pili ni hewa ya kwetu. Ganda la yai lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kupitia humo maji hutoka kidogo kidogo siku zote za kulaliwa. Yai linatakiwa lipungue maji kiasi, ili nafasi ya hewa iliyo kwenye kitako ikue na kifaranga kipate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Lakini Dodoma, kuanzia Juni hadi Novemba, upepo ni mkavu na jua halina huruma. Yai hupoteza maji kupita kiasi, utando wa ndani hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa, na kifaranga hunasa humo humo kikiwa kimeshatoboa tundu. Ukiona mayai mengi yametobolewa na vifaranga vimefia ndani, usimtafute mchawi. Ni ukavu.

Bata mwenyewe anayo dawa yake. Kila siku mara moja, mara nyingi asubuhi au jioni, hufunika mayai kwa manyoya, hutoka, hula, hutupa mavi mengi yenye harufu mbaya (usishtuke, ni ya siku nzima), kisha hutafuta maji aoge. Hurudi kiotani na manyoya ya tumboni yamelowa, na unyevu ule ndio unaolainisha mayai. Kijijini ambako ndoo ya lita 20 inanunuliwa, wengi humpa bata kikopo cha kunywa tu, wakidhani wamebana matumizi. Mwekee karai au beseni pana, maji yenye kina cha kiganja, hatua chache kutoka kiotani. Yakichafuka yamwage kwenye mchicha, hakuna tone linalopotea. Kama siku hiyo maji hakuna kabisa, ngoja atoke, chovya vidole kwenye maji ya uvuguvugu uyanyunyizie mayai kidogo na kulowesha udongo pembeni ya kiota. Usimwage maji kiotani.

Kiota chenyewe kiwe chini, juu ya udongo. Chimba kishimo kifupi kama sahani ya ubwabwa, lowesha udongo wake, kisha tandika nyasi kavu. Upana wa sentimeta 40 unamtosha. Nimeona watu wakimtengenezea bata sanduku zuri la mbao na kulipandisha juu chini ya bati, wakidhani wamemheshimu. Saa saba mchana wa Oktoba chini ya bati ni tanuri, na mayai hayahitaji joto jingine zaidi ya la mama yao. Kama bado unayo nyumba ya tembe, hata ile iliyobaki kuwa stoo, pembe yake yenye giza ndiyo hospitali ya uzazi ya bata. Udongo wa paa na kuta huzuia joto la mchana na baridi ya usiku. Kasoro yake ni papasi. Hujificha kwenye nyufa mchana na kumnyonya damu usiku, mpaka anakimbia mayai. Ziba nyufa kwa udongo na samadi wiki moja kabla, badilisha nyasi zote, na kama una dawa ya unga ya wadudu wa kuku, mpake bata kabla hajaanza kulalia, si baada.

Kuhusu mayai sitakawia. Usiyaoshe. Usimwekee yenye ufa, wala yaliyokaa zaidi ya siku kumi. Mayai 12 hadi 15 yanamtosha bata mkubwa, na kuku usimzidishie sita. Dume mmoja kwa majike manne au matano, la sivyo bata atalalia mayai yasiyo na mbegu.

Tatizo linalosumbua sana ni majirani wa kiotani. Bata wenzake huja kutaga pale pale akiwa ametoka kuoga. Yai lililoongezwa siku ya 12 haliwezi kutotolewa pamoja na mengine. Vifaranga wa kwanza wakishakauka, mama huondoka nao, na lile la nyongeza hufia njiani. Kwa hiyo siku ya kwanza weka alama ya penseli kwenye kila yai, na kila akitoka kuoga angalia: lisilo na alama, litoe, ni la kukaanga. Bora zaidi mtenge kwa wavu au matete, na dume asimfikie, kwani humsumbua mpaka mayai yanavunjika.

Siku ya kumi, usiku, mulika. Toboa tundu dogo kwenye boksi, weka tochi ya simu ndani, yai juu ya tundu. Lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa imetapakaa kama utando wa buibui. Linalong'aa tupu halina mbegu. Lenye pete ya damu limekufa. Hayo mawili yatoe, maana yai viza likipasuka kiotani huharibu mazima kwa uchafu na harufu. Ukimaliza, mwache. Kumulika mara moja kunatosha, na watoto wa nyumbani waambiwe hivyo hivyo.

Chakula chake kiwe punje nzima, mtama au uwele, si pumba za kumharisha. Punje zikague. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na baadhi yetu mahindi yenye ukungu tunayoyakataa mezani tunayatupia bata. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi kabisa na sumu hiyo: ini huharibika na hufa ndani ya siku chache. Karanga zilizosinyaa na mashudu yaliyovunda ni vilevile.

Siku tatu za mwisho weka mikono mfukoni. Kifaranga cha bata kikishatoboa ganda kinaweza kukaa siku nzima, hata siku na nusu, bila kuonekana kufanya lolote. Hakijakwama. Kinamalizia kunyonya damu ya kwenye mishipa ya utando na kuvuta kiini tumboni. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimbandulia mmoja ganda kwa kucha nikijiona mkunga. Alitoka na kiini kikining'inia nje ya kitovu, damu ikamchuruzika, akafa mkononi mwangu kabla ya adhuhuri. Ndugu zake wawili, ambao niliona wamechelewa zaidi yake, walitoka wenyewe usiku ule.

Wakishatoka, waache chini ya mama mpaka wakauke. Hawahitaji chakula saa 24 za kwanza. Kisha pumba laini iliyoloweshwa, dagaa waliosagwa na mchicha uliokatwakatwa. Unga mkavu huwakaba. Maji yawe kwenye mfuniko wa ndoo wenye kokoto ndani, wachovye mdomo mpaka puani bila kuzama. Walioanguliwa na kuku usiwaache waoge mapema, kwa kuwa hawakupata mafuta ya manyoya ya mama bata, hulowa na kufa baridi.

Mayai yaliyobaki siku mbili baada ya mama kuondoka kiotani yafukie mbali na banda. Usimpe mbwa. Mbwa akishaionja ladha hiyo, msimu ujao atakuwa wa kwanza kujua bata wako ametagia wapi.