Trakta inakunywa dizeli? Shika tairi kabla hujashusha pampu

Msimu wa kulima ukianza huku Nakuru, kuanzia Njoro mpaka Rongai na Subukia, story ya wenye trakta ni bei ya dizeli kisha pampu ya kusukuma dizeli kwa injini. Trakta ikianza kunywa mtu anaita fundi, pampu inashushwa, nozo zinapimwa, pesa inaenda, na tairi hazijaguswa ata na geji. Na hapo kwa tairi ndo nguvu nyingi hupotelea, wahandisi wa trakta hukadiria ni asilimia 20 hadi 55 ya nguvu yote hupotea pale tairi inakutana na udongo, ikizunguka bure ama ikizama na kupanda kutoka kwa shimo lake kama mlima kila wakati. Na ile ile inayokula dizeli ndo inashindilia udongo, mwaka unaofuata plau inavuta ngumu zaidi, dizeli inaongezeka tena, na mahindi yanakauka mapema jua likiwaka wiki mbili tu.

Kwa hivyo kabla ya fundi, fanya hivi.

Anza na jembe. Chimba shimo la kama nusu mita pahali trakta hupita kila mwaka, na lingine pale kwa ua ambapo haipiti kamwe, ndo uwe na kitu cha kulinganisha. Angalia mizizi ya mahindi ya msimu uliopita. Kama mzizi umeshuka vizuri mpaka kama sentimita 20 alafu ukapinda ghafla ukalala kando kama herufi L, hapo kuna tabaka gumu na mzizi ulishindwa kupita. Udongo wa hapo ukiuvunja unatoka vipande bapa kama sahani, si chembechembe. Ukiwa mvivu wa kuchimba chukua chuma ya duara ya milimita 10 iliyochongwa ncha, sukuma chini kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua nzuri, pahali inakataa kila ukijaribu weka alama kwa chuma upime kina. Usijaribu udongo ukiwa mkavu, hapo kila mahali itakataa na utajidanganya.

Hilo tabaka halijaletwa na tairi peke yake, diski ikikata kina kile kile miaka nenda miaka rudi inapiga udongo wa chini lipu. Lakini kumbuka ukilima na plau ya diski tairi ya kulia inatembea ndani ya mtaro, yaani uzito wote wa ule upande uko juu ya udongo wa chini kabisa bila kitu cha kukinga. Watu wengi hawalioni hilo manake wanaangalia juu.

Sasa unyevu, na hapa sibembelezi mtu: hakuna tairi duniani itakuokoa ukiingia shamba limelowa. Toa udongo kutoka kina unachotaka kulima, si ule wa juu uliopigwa na jua, uviringishe kati ya viganja. Ukikubali kuwa kamba nyembamba kuliko penseli bila kukatika, zima trakta nenda nyumbani. Ukivunjika vunjika, ingia. Huku Njoro udongo wetu wa volkano unakauka haraka so unasubiri kidogo tu, lakini jamaa wa Kano pale Ahero na kuelekea Muhoroni wana ule mweusi, ukikauka ni jiwe na ukilowa ni gundi, siku za kulima vizuri katikati hapo ni chache sana na ndo mana ni lazma trakta iwe tayari kabla, si uanze kutafuta tairi mvua ikishaanza.

Presha. Kanuni ya kushika ni kwamba mgandamizo tairi inaweka kwa udongo wa juu unakaribia presha iliyo ndani yake, na kwa tairi ngumu unazidi kidogo. Tairi ya nyuma ikiwa na PSI 28 (PSI ndo kipimo cha presha kwa geji) inakanyaga karibu mara mbili ya ile yenye 14. Na trakta nyingi za kukodisha ziko na 28 ama 30 sababu zinashinda barabarani na trela, alafu zinaingia shamba vile vile, tairi imevimba kama puto, inagusa chini kwa kale kamstari ka katikati tu, meno ya pembeni hayashiki kitu. Inateleza, inachimba, inakunywa.

Presha sahihi haitoki kwa kichwa cha mtu wa pancha. Inatoka kwa uzito. Peleka trakta kwa mizani, viwanda vya miwa viko nayo na depo za nafaka pia, ongea na watu vizuri watakubali, pima ekseli ya mbele peke yake kisha ya nyuma peke yake. Ya nyuma uipime plau ikiwa juu, manake ukiinua plau inatoa uzito mbele na kuutupa wote nyuma, na hapo ndo tairi inaumia zaidi. Gawanya kwa mbili upate uzito wa kila tairi, kisha tafuta jedwali la kampuni ya hiyo tairi, linaonyesha kilo ngapi kwa presha gani na spidi gani. Kwa trakta za kawaida huku kwetu ya nyuma kwa shamba mara nyingi itaangukia kati ya 12 na 20, lakini jedwali ndo lina neno la mwisho. Usishuke chini yake ati ndo uokoe udongo, tairi itajikunja kwa ubavu ipasuke nyuzi za ndani, ama izunguke kwa rimu ing'oe valvu.

Pima tairi ikiwa baridi asubuhi. Na tafadhali nunua geji ya presha ndogo, ile ya malori inayofika 150 haiwezi kukuambia tofauti ya 14 na 18, mshale unatingika tu pale chini.

Ukirudi barabarani na trela yenye mzigo lazma upandishe tena. Najua ni usumbufu, watu wengi hawatafanya, ndo wanabaki na 28 mwaka mzima. Kakompresa kadogo ka umeme wa betri kanaweza, ni polepole lakini unakaweka ukienda kunywa chai.

Kuteleza ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote sababu hakihitaji pesa. Chukua chaki, piga mstari mnene kwa ubavu wa tairi ya nyuma, chini kabisa pale inagusa ardhi, na uweke kijiti chini hapo hapo. Trakta iende shambani plau ikiwa juu, gia ile ile ya kulimia, mtu atembee kando ahesabu mizunguko 10 ya ule mstari, hapo aweke kijiti kingine. Pima umbali kwa tepu. Tuseme ni mita 45. Rudi ufanye tena kwa shamba hilo hilo lakini sasa plau iko ndani inalima kina chako cha kawaida, mizunguko 10 pia. Tuseme imetembea mita 36. Toa 36 kwa 45 unabaki na 9, gawa kwa 45 alafu mara 100, ni asilimia 20. Iko juu.

Inayotakiwa kwa trakta ya kuvuta nyuma tu ni kama 10 mpaka 15, ya foo-wili, yaani inayovuta na tairi zote nne, 8 mpaka 12. Udongo laini uliolimwa tayari unaeza ruhusu juu kidogo. Ona hesabu yake: ukiteleza asilimia 10, katika kila mita 100 ambazo tairi imezunguka umesonga 90. Ukiteleza 25 umesonga 75. Eka ni ile ile, so itabidi tairi izunguke moja ya tano zaidi kuimaliza, na injini inanguruma muda wote huo. Zidisha kwa eka za msimu mzima uone ni madumu mangapi.

Lakini kutoteleza kabisa pia si sifa. Ukipata asilimia 3 ama 4 ukiwa unavuta plau, trakta yako ni nzito kupita kiasi, unabeba chuma na maji huku na huku kwa dizeli yako. Kama huna tepu soma alama za meno chini. Alama zikiwa zimechorwa safi kabisa kama muhuri, uzito umezidi. Zikiwa zimefutika zote, unateleza sana. Zikionekana katikati na udongo umevunjika kwa kingo, uko sawa.

Hapo ndo tunafika kwa maji ya tairi. Kila mtu huku anajaza maji tairi za nyuma alafu anasahau yako huko. Tairi ya 18.4-30 ikijazwa mpaka usawa wa valvu inabeba zaidi ya lita 200, na kila lita ni kilo, kwa tairi mbili umeongeza karibu nusu tani ama zaidi. Kwa plau nzito sawa, inasaidia. Lakini mwezi unaofuata unapiga haro, kisha unapanda, kisha unapulizia dawa, kazi nyepesi zote, na ile nusu tani bado inakanyaga udongo uliotoka kuulainisha. Pia maji hayabonyei kama upepo, tairi inakuwa ngumu, ubavu haujikunji. Mimi ningeona ni bora vyuma vya uzito, unavifunga na kuvitoa kwa spana, ingawa bei yake si mchezo. Ukibaki na maji, toa angalau kabla ya kupanda, na ukipima presha weka valvu juu, maji yasiingie kwa geji.

Kununua tairi: kwa ubavu ukiona 18.4-30 hiyo kistari ni tairi ya kawaida ya nyuzi za mshazari, ukiona 18.4R30 ama 460/85R30 ni redio, yaani radial. Redio ubavu wake unajikunja, inalala chini ikiwa ndefu, inashika vizuri na presha ndogo. Ni ghali, na kama trakta yako inashinda lami na trela sioni ukiirudisha hiyo pesa. Kama kazi ni shamba, fikiria. Usikimbilie plai nyingi, yaani tabaka za nyuzi za tairi, ati ni nguvu, plai nyingi ni ubavu mgumu zaidi. Na ya foo-wili usibadilishe saizi ya mbele kiholela, mbele na nyuma zimepigiwa hesabu pamoja na giaboksi, ukikosea zinavutana, unakula tairi na dizeli pamoja. Tairi kipara za nyuma usilime nazo, zipeleke kwa trela.

Kitu cha mwisho ni mizigo mizito. Presha ya chini inaokoa udongo wa juu, lakini kule chini kinachoamua ni uzito wa ekseli yenyewe. Ekseli ya tani 10 kwa udongo uliolowa inabana kupita sentimita 40, na huko hakuna plau yako itafika, utatafuta sabsoila, ile ya kupasua udongo wa chini, na uivute udongo ukiwa mkavu. Kombaini iliyojaa ngano kule Mau Narok na trela za miwa kule Muhoroni na Nzoia ndo washukiwa wakubwa. Kombaini imwagie mwisho wa shamba, lori lisiingie ndani. Trela za miwa zipite njia moja kwenda na kurudi, manake madhara mengi yanafanywa na pito la kwanza, ukikanyaga hapo hapo tena unaongeza kidogo tu, lakini ukitawanya njia unaharibu shamba lote na machipukizi ya msimu ujao.

Kujua kama umeokoa kitu, simamisha trakta pahali tambarare, jaza tanki mpaka kwa shingo, lima eka moja uliyoipima, rudi pahali pale pale ujaze tena kwa jagi lenye alama za lita. Andika. Badilisha kitu kimoja tu, rudia kwa eka ya jirani yake siku hiyo hiyo kabla unyevu haujabadilika, ukibadilisha presha na uzito pamoja hutajua ni gani ilikuokolea hizo lita.