Jinsi ya kuchora komiki ya Krismasi ya kisayansi yenye zimwi: nilivyomfanyia kazi Grýla

Wengi wakitaka kuchora komiki ya kutisha wanaanza na sura ya zimwi, wanachora meno, kucha, macho mekundu, alafu ndo wanaanza kutafuta hadithi. Mi naanza na sheria za zimwi lenyewe. Zimwi la kwenye ngano haliji ovyo ovyo, lina siku zake, lina watu linaowafuata na kuna kitu kinachoweza kulizuia, na ukishazijua hizo sheria hadithi nusu imeshajiandika. Nitaelekeza kwa komiki yangu ya kurasa 16.

Hatua ya 1: Soma ngano mpaka uijue

Nilimchagua Grýla wa Iceland (jina litamke "Griila"). Huyu ni jitu la kike linaloishi milimani, jina lake limo kwenye maandishi ya karne ya 13 kati ya majina ya majitu, ila kuhusishwa na Krismasi kulikuja baadae, kwenye karne ya 17. Anabeba gunia, anatafuta watoto watukutu akawapike. Ana watoto wake 13 wanaume, wanashuka mmoja mmoja kila usiku kuanzia tarehe 12 Desemba mpaka tarehe 24, na watoto wa kule wanaweka kiatu dirishani, aliyetulia anakuta zawadi, mtukutu anakuta kiazi kilichooza.

Andika kila sheria kwenye karatasi yake. Zilizonifaa zaidi ni mbili: Grýla anajua nani kakosea hata kama mzazi hajui, na kuna simulizi zinasema mtoto akijutia kosa lake inabidi amwachie. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapa ndo penyewe, huyu anakujua mpaka siri zako.

Hatua ya 2: Ongeza sayansi moja tu, na itoke hapohapo

Usilete roboti, sayari ngeni na mashine ya kusafiri kwenye wakati vyote kwa pamoja, msomaji atachoka kabla hajaogopa. Chukua kitu kimoja cha kweli kilichopo kwenye mazingira ya zimwi alafu kisukume mbele kidogo.

Inasemekana Grýla anakaa Dimmuborgir, eneo la miamba ya lava karibu na ziwa Mývatn. Sasa sio mbali na hapo kuna Krafla, kituo cha umeme wa jotoardhi, na mwaka 2009 wachimbaji waliokuwa wanatafuta mvuke wa moto sana walifika kama mita 2,100 chini wakagonga magma yenyewe, yani mwamba ulioyeyuka kwa moto. Nilivyosoma hiyo nilisimama kabisa, yani nyumbani kwa zimwi mtu katoboa shimo. Alafu kuna jambo lingine, Iceland nyumba karibu tisa kati ya kumi zinapashwa joto na jotoardhi, maji ya moto yanatoka ardhini yanapita kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta ya ukutani (chuma cha kupashia chumba joto), karibu na kitanda cha mtoto. Kwahiyo Grýla wangu anasikiliza kupitia mabomba. Hiyo ndo sayansi yote, sikuongeza kitu.

Na historia ikanipa zawadi nyingine: mwaka 1746 ilitoka amri ya serikali kukataza wazazi kutisha watoto kwa mazimwi ya Krismasi. Kwenye komiki yangu baada ya ile amri Grýla kashuka chini kulala, na lile shimo la 2009 ndo limemwamsha.

Hatua ya 3: Watoto wawe na kosa

Hapa wengi wanakosea, wanachora watoto wazuri wasio na doa, sasa zimwi linalokula watukutu litawafata kwa lipi? Wangu ni Sóley wa miaka 11 na mdogo wake Kári wa miaka 7. Kári kavunja redio ya babu yao akamsingizia paka. Kosa dogo, la kitoto, ila kalificha na kila usiku rejeta ya chumbani kwake inagonga. Mwisho wa hadithi usitoe silaha mfukoni, tumia ile sheria uliyoandika mwanzo: Kári anaweka mdomo karibu na chuma ile ya moto anasema mwenyewe alichofanya, babu yuko mlangoni anasikia.

Hatua ya 4: Punguza

Nilitaka kuwaingiza wale 13 wote nikashindwa, kurasa hazitoshi. Nikabaki na watatu wanaokaa vizuri na mabomba na nyumba: Hurðaskellir anayebamiza milango (tarehe 18), Gluggagægir anayechungulia madirishani (21) na Kertasníkir anayeiba mishumaa (24), ambaye kwangu anazima umeme wa kijiji kizima. Tarehe naiandika kwenye kona ya fremu, msomaji anajihesabia mwenyewe siku zilizobaki.

Hatua ya 5: Vichoro vidogo na kugeuza ukurasa

Kabla ya kuchora chochote kikubwa kunja karatasi nne za A4 katikati, ziingize moja ndani ya nyingine, umepata kijitabu cha kurasa 16. Andika namba alafu chora kila ukurasa kwa vijiti tu, dakika mbili mbili. Utaona namba shufwa zinakaa kushoto, kwahiyo kitu cha kushtua kiweke kushoto juu, msomaji akutane nacho anapofunua, na swali liweke kulia chini kwenye ukurasa uliotangulia. Kurasa 8 na 9 ziko kwenye karatasi moja isiyokatika, hapo ndo nilimwonyesha Grýla mzima kwa mara ya kwanza, akitoka kwenye mvuke wa kisima. Kabla ya hapo ni sauti na mabomba tu.

Hatua ya 6: Fremu moja ichore mpaka ikubali

Ukurasa wa 5 Kári anaweka kiatu dirishani. Mara ya kwanza nilichora sura ya Gluggagægir nje ya kioo, nikampa mpwa wangu asome, akageuza ukurasa bila kusita. Nikafuta. Nikachora kioo chenye ukungu wa pumzi, duara dogo tu usawa wa uso wa mtoto, Kári anafuta kwa mkono wa sweta. Fremu inayofuata ni kioo kilekile, mkono umeshapita, alama za vidole zinaonekana na ule ukungu bado upo. Uko upande wa nje. Hakuna kiputo cha maneno hata kimoja. Mpwa wangu alirudi nyuma kuangalia tena alafu akaniuliza, "mjomba, nani anapumua?"

Hatua ya 7: Herufi, wino, rangi

Viputo vya maneno panga ukiwa bado kwenye penseli, ukisubiri mpaka mwisho vitafunika mikono na nyuso ulizohangaika nazo. Anayeongea wa kwanza akae kushoto juu. Maneno yasizidi kama 25 kwa kiputo.

Rangi nilitumia mbili, bluu ya usiku na chungwa la magma. Desemba kule kaskazini mwa Iceland mwanga wa jua ni kama masaa matatu tu kwa siku, kwahiyo hata mchana chora vivuli virefu sana. Chungwa nililibania, taa za nyumbani nazo ni bluu iliyofifia, chungwa linatokea pale tu Grýla anaposikiliza. Ukifika ukurasa wa 12 rejeta ikianza kuwa na chungwa pembeni msomaji ameshajua.

Hatua ya 8: Skani na kuprinti

Mistari ya wino skani kwa dpi 600 (yani nukta 600 kwa kila inchi), kurasa za rangi hifadhi kwa 300, na pembeni acha milimita 3 za ziada za kukatwa. Upangaji wa kuprinti ukumbuke hivi, kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi jumla yake ni 17: 16 na 1, 2 na 15, mpaka 8 na 9. Printi nakala moja kwanza, ikunje, ifunue mwenyewe usiku kwa taa ndogo, na ukifika ukurasa wa 7 angalia kama mkono wako unataka kugeuza, usipotaka rudi kwenye vichoro vidogo urekebishe hapo.