SOMO: Rangi ya kuziba mikwaruzo kwenye chuma cha bunduki, hasa kwetu huku kwenye baridi

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Fundi, ninunue rangi gani nyeusi nipake mkwaruzo wa shotigani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena aje asome hapa. Kazi yangu ni rangi za chuma, Mafinga, na shotigani ninayo ya leseni kwa sababu ya nyani na nguruwe pori shambani. Somo hili ni la mwenye leseni anayeshughulikia silaha yake mwenyewe.

1. Toa risasi zote. Fungua chemba, angalia, ingiza na kidole. Risasi zikae chumba kingine.

2. Jua chuma chako. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Ikinasa, mara nyingi ni chuma cha kawaida. Isiponasa, mara nyingi ni alumini, na shotigani nyingi za siku hizi zina mwili wa alumini na mtutu wa chuma. Kisha lowesha pamba kwa asetoni, sugua mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka nyeusi, palipakwa rangi. Ikitoka safi, huenda weusi ule si rangi kabisa.

3. Chagua. Mtutu wa chuma wenye weusi unaong'aa kwa mbali rangi ya samawati haupakwi rangi. Unapakwa dawa ya bluu ya baridi, inayoitwa hivyo kwa kuwa haihitaji moto. Perma Blue ya Birchwood Casey ni mojawapo. Rangi ukiipaka hapo itakaa juu kama kipele na utaiona kila ukiishika bunduki. Alumini haishiki dawa hiyo; ina dawa yake, au ndipo rangi inapofaa. Palipokuwa na rangi, rudisha rangi.

Na nyeusi si moja. Kuna inayong'aa, inayong'aa nusu na iliyofifia kabisa. Jaribu kwenye kipande cha bati, kiache kikauke, kisha kilinganishe na bunduki nje juani, maana taa ya dukani inadanganya.

4. Safisha mafuta. Futa kwa asetoni au tina (thinner, ya kuyeyushia rangi), badilisha kitambaa, futa tena. Vaa glovu, jasho la kidole nalo ni mafuta.

5. Hapa ndipo nilipoharibu, soma polepole. Ilikuwa Julai. Bunduki ililala stoo, asubuhi nikaitoa nikaileta jikoni ambako maji ya chai yalikuwa yanachemka. Chuma kilikuwa baridi kuliko hewa, kwa hiyo mvuke ukageuka maji juu yake, utando mwembamba ambao jicho halioni. Nikafuta kwa tina, na tina ikiruka hupooza chuma zaidi. Nikapaka. Baada ya dakika chache rangi ikawa na ukungu mweupe kama maziwa. Nikadhani itaisha ikikauka. Baada ya wiki mbili ilibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kulikuwa na kutu ya rangi ya udongo wa Makambako. Nililazimika kusugua eneo kubwa mara tatu kuliko mkwaruzo wa mwanzo.

Kwa hiyo: chuma kikae chumba kile kile utakachofanyia kazi tangu jana yake. Fanya kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na ukungu. Draya ya nywele inafaa kukipasha. USITUMIE jiko la mkaa: moshi huacha mafuta, na rangi ya kopo la kupuliza hushika moto.

6. Usipulize moja kwa moja. Pulizia kwenye kifuniko, chota kwa ncha ya kijiti cha meno, jaza mkwaruzo tu. Tabaka jembamba, subiri, lingine.

7. Namba ya silaha usiiguse. Usiisugue, usiifunike.

MASWALI

Mwanachama wa Mbalizi: Mkuu, nina rangi ya geti imebaki nusu kopo. Nipake tu?
Jibu: Soma namba 2 na 3.

Mwanachama wa Mbalizi: Nimesoma, lakini rangi si rangi tu?
Jibu: Hapana. Ya geti ni nzito, hukaa laini muda mrefu, na mafuta ya bunduki huilegeza. Umetumia sumaku? Tumia kwanza, ndipo uniulize.

Mwanachama wa Makete: Na gobole la marehemu babu, halina kibali?
Jibu: Hilo si suala la rangi. Lipeleke kituo cha polisi.

Mwanachama wa Tukuyu: Shikamoo fundi. Kama weusi wa mtutu si rangi, ni nini?
Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Ni kutu, ila kutu nyeusi iliyotengenezwa makusudi. Kiwandani chuma huchemshwa kwenye magadi makali na chumvi, joto karibu nyuzi 140, na uso wake hugeuka oksidi nyeusi inayoshikamana na kuhifadhi mafuta. Ndiyo maana bila mafuta huliwa na kutu nyekundu. Mtutu pacha usikubali uchemshwe hivyo, magadi hula madini ya risasi yaliyounganishia mitutu miwili. Dawa ya bluu ya baridi nayo mara nyingi ina seleni, ni sumu: glovu, nje penye hewa, mbali na vyombo vya kula. Ukimaliza, paka mafuta. Kwa mvua za Tukuyu, kila wiki.

Mwanachama wa Tukuyu: Nahifadhi kwenye mfuko wa ngozi.
Jibu: Itoe leo. Ngozi hunywa unyevu na kuubana kwenye chuma.

Mwanachama wa Mufindi: Mimi sina bunduki, nina panga. Babu alikuwa analiloweka kwenye chai nzito likawa jeusi. Ni jambo hilo hilo?
Jibu: Ni ndugu yake. Tanini ya majani ya chai hukutana na chuma na kukifanya cheusi. Safisha mafuta kwanza kama namba 4, chemsha chai nzito kweli, iache ipoe, loweka usiku kucha. Suuza, kausha, paka mafuta ya cherehani. Ukipata picha tuwekee, nataka kuona inavyotoka na majani ya huko kwenu.